Wifi ameniomba ukweli kuhusu jina la mtoto: nimjibu nini?

"Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Mke wa mdogo wangu wa kiume ana ujauzito wa miezi minane, na kipimo kimeonyesha kwamba mtoto ni wa kike. Baba yetu ameomba mtoto huyo arithi jina la mama yake mzazi, yaani bibi yetu, aliyefariki mwaka jana kijijini Mvumi. Bibi aliitwa Tabu. Wifi yangu kwa upande wake anataka Brielle, jina alilolipenda tangu akiwa msichana. Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua mboga jikoni kwangu, akaniambia: 'Wifi, niambie ukweli wako, katika haya mawili unapenda lipi?' Nikasingizia kwamba sufuria inaungua, nikatoka nje. Kusema kweli sipendi hata moja. Bibi alikuwa na maisha magumu, alizika watoto wanne, na mimi naamini jina huumba. Hilo la pili baba hataweza kulitamka. Nikisema la moyoni nitaonekana namdharau bibi au namwonea wivu wifi. Nikisema yote ni mazuri nitakuwa nimemdanganya mtu aliyeniamini. Najua atauliza tena. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye sufuria uliyoisingizia. Hukukosa jibu siku ile. Ulikuwa na majibu mengi mno kwa wakati mmoja, na yote yalikuwa yanagombea mlango mmoja. Kwa jinsi ninavyokuelewa, una hofu tatu zilizosukwa pamoja kama ukili. Unahofia kwamba jina Tabu litampa mtoto maisha ya bibi yake. Unahofia kwamba kuficha unachokiona ni kusema uongo. Tena unahofia kwamba neno lolote utakalolisema kuhusu jina litapokewa kama hukumu juu ya mtu. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka mingi kabla ya kuwa mshauri wa familia, na kwa uzoefu huo ninaona kwamba hofu ya kwanza umeibeba bure, ya pili umeichanganya kidogo, na ya tatu ni ya kweli kabisa. Hiyo ya tatu ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Nianze na imani kwamba jina huumba. Siidharau, kwa maana nimeisikia kwa watu walionizidi hekima, na Biblia yenyewe inasimulia jinsi Abramu alivyoitwa Ibrahimu na Yakobo akaitwa Israeli maisha yao yalipogeuka. Lakini tazama jinsi maana ya neno inavyofifia pindi neno linapokuwa jina. Jiji tunaloishi, kwa masimulizi ya wenyeji, lilipata jina lake kutokana na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyenasa kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Mwaka 1973 mahali hapo pa kuzama palichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, mwaka 2018 pakapandishwa hadhi kuwa jiji, na watu wanaojenga Nkuhungu, Iyumbu na Nala hawasikii tena habari ya tope ndani ya jina hilo; wanasikia nyumbani. Majina ya watu nayo hupita njia hiyo hiyo. Mwimbaji mkuu wa taarab wa Zanzibar, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba mwaka 1880 akapewa jina la Mtumwa, na jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata ukubwani, sauti yake ilipokwisha kumfungulia milango. Jina la Mtumwa halikumzuia kufika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Na sisi tuliocheza muziki wa Kongo tulimtaja mwimbaji Tabu Ley miaka yote bila hata mmoja wetu kuwaza tabu.

Zaidi ya hapo, aliyemwita binti yake Tabu, Shida au Mashaka hakuwa anamwombea hayo. Alikuwa anaweka kumbukumbu. Mama aliumwa uchungu siku mbili, au baba alikuwa safarini, au mvua zilikatika mtama ukiwa bado haujabeba, na kwa kuwa habari hiyo haikuandikwa popote, ikaandikwa juu ya mtoto. Huku kwetu Ugogo tunalijua jambo hili kuliko wengine. Njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wenye nguvu na kisha mvua kukosekana, ilipewa jina lake yenyewe, Mtunya, na jina hilo limebaki katika masimulizi hadi leo. Huenda wazazi wa bibi yako walilelewa na watu walioinusurika. Kwa watu kama hao, kumwita mtoto Tabu ilikuwa namna ya kusema: tulipita hapa, na huyu akabaki hai.

Kuhusu watoto wanne aliowazika, naomba unisikilize kama mkunga. Walikuwa watoto wa zama ambazo surua, malaria, kuharisha na pepopunda ya watoto wachanga viliingia katika nyumba nyingi, na hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Chanjo za kliniki, chandarua na kujifungulia mahali safi ndivyo vilivyopunguza misiba hiyo. Majirani wa bibi yako walioitwa Neema na Furaha nao walizika. Usimtwike marehemu mzigo wa kwamba jina lake lilimletea misiba, na usimtwike mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba jina halifanyi kazi yoyote. Linafanya kazi kupitia vinywa vya watu. Msichana anayeitwa Tabu ataingia darasa la kwanza, na atakuwepo mwenzake wa kusema "tabu hiyo inakuja". Mara nyingi mzaha huo huisha wenyewe wenzake wanapozoea. Usipoisha, kwa jinsi nilivyoona, ni kwa sababu mtu mzima aliuchukua, mwalimu au mjomba, akaurudia mpaka mtoto akauamini. Jambo la pili ni kwamba sisi jina la mtoto hatulisomi peke yake. Linafuatwa na la baba na la babu, na yote matatu huitwa kwa sauti moja katika orodha ya shule. Hukunitajia jina la mdogo wako, lakini kama ni Furaha, au Majaliwa, hebu yatamke yakifuatana: Tabu Furaha, Tabu Majaliwa. Hapo maana iliyokuwa imelala huamka. Hilo ni jambo dogo na la kweli ambalo wifi yako anastahili kuambiwa, na mtu akiambiwa kabla ya mtoto kuzaliwa hukushukuru.

Sasa nije kwenye hofu yako ya tatu, kwamba neno juu ya jina litamgusa mtu. Litamgusa, na nitakueleza kwa nini. Siku mtoto huyo atakapopata jina, wifi yako atapoteza la kwake. Majirani hawatamwita tena kwa jina alilopewa na wazazi wake. Sokoni Majengo, kanisani au msikitini, kwenye kikoba, ataitwa Mama Tabu au Mama Brielle mpaka uzee wake. Anapokuuliza unalionaje jina la mtoto, anakuuliza pia unamwonaje yeye akiitwa hivyo. Ndiyo maana kina mama wengi hukasirishwa na neno ambalo msemaji aliliona jepesi: msemaji alidhani anazungumzia kichanga kisichojua kitu, kumbe alikuwa anazungumzia jina la mwanamke aliyesimama mbele yake. Kwa mtazamo huo, hamu yake ya Brielle si ushamba wala kujikweza. Ni mwanamke anayechagua, pengine kwa mara ya kwanza na ya mwisho, vile atakavyoitwa.

Upande wa pili yupo baba yako. Katika koo zetu nyingi, mjukuu aliyerithi jina la bibi huchukua pia nafasi yake mdomoni mwa watu, na wewe bila shaka umeona mzee mwenye mvi akiinama juu ya kitoto cha mwaka mmoja na kukiita "mama", akikisalimu kwa adabu zote, nacho kikimvuta ndevu. Baba yako amefiwa na mama mwaka jana. Anachoomba ni kupata tena mtu wa kumwita mama. Ukimwambia kwamba jina lile ni baya, hatasikia maoni kuhusu neno la Kiswahili. Atasikia kwamba maisha ya mama yake yalikuwa ya kufichwa. Jina moja, basi, lina watu watatu wanaolishikilia: marehemu, mama mtarajiwa, na mtoto ambaye hajafika. Mtu mwenye busara huangalia kwanza ni upande wa nani anaougusa.

Kuhusu uongo, mwanangu, kunyamaza juu ya ladha yako si uongo. Uongo ni kusema "nimelipenda mno" wakati hukulipenda. Kati ya hayo mawili pana uwanja mpana, nao ndio uwanja wa adabu. Mimi huwa natofautisha hisia na taarifa. Hisia ni kwamba ukisikia Tabu moyo unashuka, au ukisikia Brielle unaona ni jina la watu wa mbali. Hizo ni zako, hazimsaidii wifi kuamua, na ukimpa zote zitamlemea. Taarifa ni yale ambayo hayategemei moyo wako: jinsi majina matatu yanavyosikika yakifuatana, jinsi wazee watakavyotamka, jinsi karani atakavyoandika, asili ya jina ni nini. Taarifa unamdai, yaani ukiwa nayo na usimpe, hapo ndipo unamkosea. Hisia unampa tu akiziomba waziwazi, nawe ukizitaja kuwa zako.

Na kwa jina Brielle taarifa ipo. Ni mkato wa Gabrielle, umbo la kike la Gabriel, yule yule tunayemwita Gabrieli, na Waislamu Jibrili. Si jina lisilo na asili. Ugumu wake upo kwenye sauti na maandishi. Kiswahili na Kigogo hupenda kila konsonanti ifuatwe na irabu yake, kwa hiyo mzee atalifungua liwe Burieli, na hilo halina ubaya. Lakini e mbili za jina hilo hazifanyi kazi sawa, ya mwisho haisikiki, l zipo mbili, na bara kwetu r na l hubadilishana nafasi katika vinywa vya wengi. Mtoto huyo ataandikwa Brielle kwenye cheti cha kuzaliwa, Brieli kwenye kadi ya kliniki, Briel kwenye daftari la shule, na atakapofika kwenye usajili wa mitihani ya Baraza la Mitihani na baadaye kitambulisho cha NIDA, kila herufi iliyopotea itadaiwa. Wanaohangaika na viapo kwa mawakili ili kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja ni wengi, na mara nyingi shida yao ilianza na herufi moja.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Nikiwa mkunga kijana katika kituo kimoja cha afya, mama aliyejifungua usiku aliniambia asubuhi kwamba mtoto ni Rachel. Nikaandika Raheli, kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili, nikamwonyesha karatasi nikisema, "Hivi ndivyo linavyoandikwa." Alitazama ukutani, akavuta kanga juu ya mtoto, hakusema neno. Miaka kumi na moja baadaye alinitafuta. Shuleni mtoto aliandikishwa Rachel, cheti kilisema Raheli, naye alitaka ushauri wa pa kuanzia. Hakuja kwa hasira. Alisema tu: "Siku ile nilitaka kukwambia, lakini wewe ulikuwa umesimama na mimi nimelala." Sikuwa nimelitukana jina lake. Nilikuwa nimelisahihisha bila kuombwa, kwa mtu asiye na nguvu ya kujibu. Tangu hapo kila jina nililiandika kwanza kwenye kipande cha karatasi, nikampa mama alisome herufi kwa herufi kabla ya kuligusa tangazo la kizazi, yaani karatasi ya kituo inayotumika kuombea cheti cha kuzaliwa.

Ninalokuomba ulichukue kutoka kwake ni suala la wakati. Wewe una bahati ya kuwa na mwezi mmoja mbele yako. Maoni juu ya jina yana mlango unaofungwa, na hufungwa siku jina linapotamkwa mbele ya watu. Kama familia yenu ni ya Kiislamu, siku hiyo kwa kawaida ni ya saba, pamoja na akika; kama ni ya Kikristo, jina hukaziwa kwenye ubatizo, ingawa nyumbani huwa limeshazoeleka. Kabla ya hapo ushauri una nafasi, tena ni nafasi ya heshima. Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, kisha kwa ushauri wa mtaalamu wa mila jina likabadilishwa kuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mtume Muhammad alimbadilishia mwanamke jina la Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie kwamba mtoto hapewi jina lililo kinyume na roho ya Kikristo. Kwa hiyo usijione mmbeya kwa kuwa na la kusema. Kutoa rai juu ya jina ni kazi ya siku zote. Kilichotakiwa ni kwamba msemaji awe ameombwa, aseme mapema, na aseme kwa ajili ya mtoto.

Wewe umeombwa. Lakini chunguza umeombwa nini. Wapo wanaouliza kwa kuwa wameshaamua na wanatafuta baraka, hao husema, "Tumemwita fulani, si zuri?" Wapo wanaokwama kweli kati ya mawili. Na wapo, nadhani wifi yako ni mmojawapo, wanaouliza kuhusu jina ili kupima kama wana mtu wa upande wao. Yeye hawezi kumkatalia baba mkwe kwa mdomo wake. Amekuja kwako kwa kuwa wewe ni binti wa nyumba hiyo. Kabla hujatoa maoni yoyote, jua kama anataka jibu au anataka msemaji.

Rudini basi jikoni, mahali pale pale. Mboga mikononi ni msaada mkubwa, maana macho yana pa kutazama na kimya hakichomi. Usilijadili jambo hili kwenye kundi la familia la WhatsApp, wala mbele ya mumewe, wala kwenye kikao ambacho baba yupo. Anza kwa kulipa deni: "Wifi yangu, siku ile uliniuliza nikakukimbia, naomba unisamehe. Nilikuwa natafuta maneno. Hebu niambie kwanza, hili jina la Brielle ulilipata wapi?" Kisha nyamaza kweli kweli. Huenda ni jina la rafiki aliyekufa, au la mtoto wa mwalimu aliyemlipia ada. Huenda ni la kwenye tamthilia. Lolote liwalo, baada ya kulisikia hutalizungumza kama ulivyolizungumza kwenye barua yako.

Zamu yako ikifika, sema kidogo na useme mara moja. Unaweza kusema hivi: "La bibi, mimi likinifikia moyo unashuka, kwa sababu nilimwona akiteseka. Hilo ni la kwangu, wewe usilibebe. Ila lisomeni na jina la baba yake muone linavyosikika. La kwako ninaona unalipenda na linakutoka vizuri mdomoni. Wasiwasi wangu ni mmoja, maandishi, kwa hiyo mkilichagua tuhakikishe limeandikwa sawa kila mahali. Zaidi ya hapo sina. Mtakaloamua ndilo nitakalomwita." Ona kwamba hakuna neno la uongo hapo, na hakuna neno "baya". Jihadhari pia na yale yanayosemwa bila maneno: ile "mh!" ya puani, kurudia jina taratibu kana kwamba limekukwama kooni, kumtaja mtu mwenye jina hilo aliyeharibikiwa. Hayo hayasahauliki. Na usimpe orodha ya majina unayoyapenda wewe mpaka akuombe.

Akikuomba, nina mawili ya kukupa. La kwanza ni kwamba wazee wetu mara nyingi walikuwa na majina zaidi ya moja. Bibi yako aliishi Mvumi, ambako misheni ya Kianglikana imekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Yawezekana alibatizwa kwa jina lingine, au alikuwa na jina la Kigogo ambalo mama yake pekee ndiye aliyemwitia. Muulize baba, na umuulize kwa upendo, si kama anayetafuta upenyo: "Baba, bibi aliitwaje alipokuwa mtoto?" Mtoto akichukua jina hilo, bado amemrithi bibi yule yule, na baba bado atakuwa na wa kumwita mama. Ningeanzia hapa, kwa sababu njia hii haimnyang'anyi mtu kitu. La pili ni Gabriela, ambalo wazee wanaweza kulitamka, karani analijua, na ndani yake Brielle limo kama jina la kubembelezea nyumbani.

Watu wengi watakushauri mwite majina yote mawili. Linawezekana, ila kwa tahadhari. Fomu zetu nyingi hutarajia jina la mtoto, la baba, kisha la babu au ukoo, na jina la nne huwa mzigo, linatokea kwenye cheti kimoja na kupotea kwenye kingine. Lichagueni moja liwe la maandishi, jingine liwe la nyumbani, na asilichanganye mtu.

Kama wifi anahitaji msemaji kwa baba, usijitwike wewe peke yako. Mdogo wako wa kiume ndiye baba wa mtoto, na ndiye anayepaswa kulifikisha. Na kama una shangazi aliye hai, nenda kwake kabla ya kwenda kwa baba. Yeye naye ni mtoto wa Tabu, ana haki sawa na kaka yake juu ya jina la mama yao, na anaweza kumwambia maneno ambayo wewe ukiyasema yataonekana ni utovu wa adabu. Usimtume, mweleze tu, umwachie.

Inawezekana baada ya yote hayo wakachagua Tabu, au Brielle, bila kubadili herufi. Hapo maoni yako yamekwisha kazi. Siku utakapofika kumwona mtoto, mwite kwa jina lake, kwa sauti, kabla hujamtazama anafanana na nani. Mama aliyejifungua hulisikia hilo hata kama amefumba macho. Usimbunie jina lako la pembeni ili kukwepa la kwake.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa ugomvi wa jina umefika mahali ambapo wifi anatishiwa, ananyimwa matumizi au anapigwa, hilo si suala la jina tena. Mpelekeni kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Ikiwa familia imegawanyika bila kusikilizana, mchungaji, padri au shehe anayeheshimiwa na baba anaweza kuketi nanyi. Na baada ya kujifungua mtazame wifi mwenyewe. Siku ya tatu au ya nne homoni za ujauzito zinapokuwa zimeshuka ghafla, mama wengi hulia kwa neno dogo, na hali hiyo hupoa ndani ya wiki mbili. Ikipita wiki mbili angali analia, halali hata mtoto akiwa amelala, hataki kumshika au anasema hafai kuwa mama, mpelekeni kituo cha afya aonwe. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, aende siku hiyo hiyo.

Kuhusu cheti, msikawie. Katika mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, RITA hutoa vyeti kupitia vituo vya tiba na ofisi za kata, kwa hiyo si lazima kusafiri mbali. Siku hiyo jitolee kumsindikiza mdogo wako, kwa kuwa mama atakuwa bado ndani. Mwombe wifi aandike jina la mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi. Mpe karani karatasi hiyo, na kabla hamjaondoka dirishani, liwekeni cheti kando ya karatasi mlisome herufi kwa herufi.